Uzi: Tangi la plastiki na pampu ya umeme kwenye Peugeot 404, kwa mazingira ya Dodoma

Mwanzisha uzi, Dodoma

Wakuu, salaam kwenu.

Nimeona niandike kwa kirefu kuhusu jambo hili, kwa kuwa kila wenye magari ya zamani tunapokutana swali la tangi haliachi kuulizwa, na majibu huishia kwenye lita na bei. Gari langu ni Peugeot 404, injini ya silinda nne yenye sentimita za ujazo 1618, aina ile ile aliyoshinda nayo Bert Shankland, mkazi wa Tanzania wakati huo, katika mashindano ya magari ya East African Safari mwaka 1966 na tena 1967. Tofauti ni kwamba lake lilikuwa la injeksheni na langu ni la kabureta, na tofauti hiyo ina uzito mkubwa katika mada hii, kama mtakavyoona tukifika kwenye presha ya pampu.

Tangi langu la bati lililiwa na kutu kutoka ndani, kama yanavyoliwa mengi ya magari yanayokaa muda mrefu bila kutembea: hewa iliyo juu ya mafuta huingia na unyevunyevu, maji yanashuka chini kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, na bati linaoza pale pale chini ambapo jicho halifiki. Mafundi kadhaa walinishauri lichomelewe. Sikukubali, na simshauri mtu mwingine akubali. Mvuke wa petroli hulipuka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ndani ya hewa, kiwango ambacho tangi lililomwagwa mafuta na kuanikwa juani hukifikia bila shida, na ndiyo maana tangi tupu ni la kuogopwa kuliko lililojaa. Kulisuuza kwa maji na sabuni ya unga hakuondoi mafuta yaliyojificha kwenye mikunjo ya bati.

Hivyo nikachagua tangi la plastiki, na tuelewane kwanza ni tangi gani. Masanduku yanayouzwa mtandaoni kwa jina la tangi la mashindano ni ya poliethilini nene, yana mdomo wa kujazia juu na sponji ndani, na lile la galoni 12 za Kimarekani, yaani lita 45 hivi, linatosha kabisa kwa 404. Hayo si sawa na matangi yenye mfuko wa mpira yanayotambuliwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, kwa viwango vya FT3 na vilivyo juu yake, ambayo mfuko wake una tarehe na huhesabiwa kuwa umekwisha muda baada ya miaka 5. La kwetu ni sanduku la kawaida. Haliozi kwa kutu na halipasuki kirahisi likigongwa, lakini asilinunue mtu akidhani amenunua kinga ya moto.

Sponji ile ya ndani huzuia mafuta yasirukeruke gari linapopinda au kupita kwenye matuta, na hupunguza kasi ya moto kusambaa ndani ya tangi. Nayo huzeeka, hasa penye joto na penye petroli iliyochanganywa na ethanoli. Ibane kati ya vidole; ikivunjika au kuacha unga mkononi, iondolewe yote, kwa kuwa vipande vyake safari yake ni moja tu, nayo ni kwenye filta.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nifungue uzi. Pampu ya zamani, ile inayofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kemshafti, ilikuwa na ulinzi ambao hakuna aliyeutaja kwa sababu hakuna aliyelazimika kuununua: injini ikizimika, pampu nayo imezimika. Ukigonga gari, ukalipindua, au mpira ukachomoka, mafuta yanaacha kusukumwa wakati injini inapokufa. Pampu ya umeme haina habari na injini. Swichi ikiwa imewashwa itaendelea kumwaga petroli juu ya ekzosi yenye moto hadi tangi likauke au betri iishe. Kwa hiyo anayebadilisha pampu ameondoa ulinzi huo, na ni wajibu wake kuurudisha kwa njia nyingine kabla hajawasha gari kwa mara ya kwanza.

Nitaanza na tangi lenyewe. Lita 45 za petroli zina uzito wa kilo 33 hivi. Gari likigongwa kwa nguvu inayofikia mara 20 ya uzito, kilo hizo 33 zitavuta kama kilo 660, na bolti zilizoshika bati la sakafu peke yake zitachomoka pamoja na bati lake. Nimetengeneza fremu ya skwea paipu chini ya sakafu ya buti, tangi likawa juu, na mikanda miwili ya chuma bapa, upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3, ikapita juu ya tangi na kushuka hadi kwenye fremu, hivyo sakafu imebanwa katikati. Chini ya tangi na chini ya mikanda kuna vipande vya mpira. Mikanda isikazwe hadi plastiki ibonyee, kwa sababu poliethilini huvimba kidogo ikishakaa na petroli, na ni vyema kuacha nafasi ya kidole kila upande. Tangi likae karibu na ekseli kuliko karibu na bampa.

Kati ya buti na abiria lazima kuwe na ukuta wa bati usiopitisha hewa. Kwenye magari mengi ya umri huu, nyuma ya kiti cha nyuma kuna kadibodi na matundu ya nyaya tu. Nimeliziba eneo lote kwa bati la alumini na gundi inayovumilia mafuta, na kila tundu la waya nimeliwekea mpira wake. Tangi la awali lilikuwa na mdomo wake nje ya gari. Hili la plastiki, usipolifanyia mpango wa bomba la kujazia linalotoka nje, utakuwa unajaza petroli ndani ya buti, na yatakayomwagika yatabaki humo humo na nyaya za taa.

Halafu kuna hewa. Hapa ndipo kazi nyingi nilizoziona zinaharibika. Petroli hutanuka kwa takribani asilimia 1 kwa kila nyuzi 10 za joto. Ukijaza asubuhi mafuta yaliyotoka kwenye tangi la sheli lililozikwa ardhini, kisha ukaegesha gari juani kule Mtumba mchana wa Oktoba, mafuta yakapanda nyuzi 20, lita 45 zitaongezeka kwa karibu lita nzima. Lita hiyo itatafuta pa kwenda. Usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya lita nne hivi. Bomba la hewa litoke juu ya tangi, lipande hadi sehemu ya juu kabisa ya buti, lipinde, kisha lishuke kupitia sakafuni na kuishia nje, mbali na ekzosi. Juu ya tangi liwekwe vali yenye gololi inayojifunga gari likipinduka. Mwisho wa bomba uwekewe kichujio kidogo, na sababu si vumbi peke yake: nyigu wanaojenga kwa udongo wanapenda sana tundu la ukubwa huo. Bomba likizibwa, gari litatembea vizuri kilomita kadhaa, litakufa, utafungua mfuniko wa tangi na kusikia hewa ikivutwa kwa sauti, kisha litawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Mtu asiyejua atabadilisha plagi na kabureta nzima kabla ya kutazama bomba hilo.

Jambo dogo lakini la lazima: plastiki haipitishi umeme, hivyo sahani ya chuma iliyo mdomoni mwa tangi imekaa peke yake bila kugusana na bodi. Iunganishwe na bodi kwa waya wa athi, ili umeme tuli usije ukaruka cheche kati yake na bomba la sheli wakati wa kujaza.

Kuhusu pampu, kabureta inataka presha ndogo, kati ya psi (kipimo cha presha) 2.5 na 4. Kiasi cha mafuta nacho si kikubwa. Injini ya kabureta hutumia takribani gramu 250 za petroli kwa kila nguvu ya farasi kwa saa; kwa farasi 70 hivi za 404 ni kilo 17.5, ambazo hazifiki lita 25 kwa saa ukikanyaga mafuta hadi mwisho bila kuachia. Pampu ndogo ya lita 100 kwa saa ina akiba ya kutosha, na anayekuuzia kubwa zaidi anakuuzia kelele.

Pampu hizi ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kuvuta. Ifungwe nyuma, karibu na tangi, chini ya usawa wa mafuta, juu ya vipande vya mpira ili isiungurume ndani ya bodi nzima. Kwa sisi wa huku jambo hili lina faida ya pekee. Dodoma ipo kwenye mita 1,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko pwani. Pampu iliyo mbele ikivuta mafuta kupitia bomba refu lililopita karibu na ekzosi, inazidi kupunguza shinikizo ndani ya bomba, na petroli yenye joto inaanza kuchemka kabla haijafika. Ndiyo ile hali ya gari kugoma mchana kwenye foleni na kukubali jioni. Pampu iliyo nyuma inaweka bomba zima chini ya presha, na mafuta yaliyo chini ya presha hayachemki upesi.

Filta ziwe mbili: ya matundu makubwa, mikroni 100 hivi, kabla ya pampu, na nyembamba zaidi baada yake. Ukiweka nyembamba kabla ya pampu utaifanya ihangaike kuvuta, na udhaifu wake nimeshautaja. Mipira iwe ya daraja la SAE (chama cha wahandisi wa magari) J30R9 au zaidi, na kipande chochote kitakachokaa ndani ya tangi kiwe J30R10, kwa kuwa mpira wa kawaida umetengenezwa kubeba mafuta kwa ndani, ukizamishwa huvimba na kulegea. Chini ya gari nimetumia bomba la chuma la milimita 8, mpira ukiwa kwenye miisho tu.

Umeme wa pampu usipite kwenye swichi ya funguo moja kwa moja. Tumia rilei, yaani swichi inayoamrishwa kwa umeme mdogo, yenye miguu iliyoandikwa namba: mguu wa 30 upokee umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 10 iliyo karibu na betri, wa 87 uende kwenye pampu kwa waya wa milimita za mraba 2.5, na 85 na 86 ndizo za kuamrisha. Kwenye njia hiyo ya kuamrisha ndipo unaporudisha ulinzi uliopotea. Nimeweka swichi ya presha ya oili yenye miguu mitatu: wakati wa kupiga stata inaruhusu pampu kupitia waya wa stata, injini ikishawaka inaruhusu kupitia presha ya oili, na injini ikifa presha inashuka na pampu inanyamaza. Baada yake nimeweka swichi ya mshtuko, inayokata umeme gari likigongwa. Hiyo si lazima kuagiza ng'ambo. Land Rover Discovery ya Td5 inayo, na magari hayo yaliyokatwa hayakosekani kwa wauza vipuri vya mtumba.

Pampu ya zamani iondolewe na tundu lake lizibwe kwa bamba na gasketi. Kisha, kabla ya kurudisha mafuta kwenye kabureta, weka lita tano tu kwenye tangi, chomoa mpira mbele, uelekeze kwenye chupa ya lita moja ukiwa nje, mbali na jiko na mtu anayevuta sigara, na uwashe pampu kwa waya wa muda. Chupa ijae ndani ya dakika moja au chini yake. Kila kiungo kipitishiwe karatasi nyeupe kavu. Petroli inayovuja kidogo hukauka kabla hujaiona kwa macho, lakini karatasi inaionyesha. Geji ya presha ifungwe mbele ya kabureta kwa siku za mwanzo.

Karibuni kwa maswali na marekebisho.

---

Fundi wa magari, mtaa wa Majengo, Dodoma

Shukrani kwa maelezo, mkuu. Nina hoja mbili. Ya kwanza, pampu za ndani ya tangi za Toyota za mtumba zimejaa kila kona na bei yake ni ndogo. Kwa nini tusitumie hizo na kuweka regyuleta ya kupunguza presha? Ya pili, swichi zote hizo ni nyingi. Swichi moja ikifa usiku kati ya Bahi na Manyoni, mwenye gari atalala porini kwa sababu ya ulinzi.

---

Mwanzisha uzi

Fundi, hoja zako ni za kazini na nazipokea kwa heshima.

Kuhusu pampu ya Toyota: imetengenezwa kwa injeksheni, presha yake ni psi 43 na zaidi. Sindano ya kabureta inashikiliwa na kielea tu, na psi 6 au 7 zinatosha kuishinda. Petroli itajaa, itamwagika ndani ya injini na juu yake. Regyuleta ndogo za kabureta, zile za kugeuza kwa mkono, hazikutengenezwa kuzuia presha ya namna hiyo. Inawezekana kuweka regyuleta yenye bomba la kurudisha mafuta kwenye tangi, na kuna wanaofanya hivyo, lakini ukijumlisha regyuleta, bomba la pili na viungo vyake, akiba uliyoipata kwenye pampu imekwisha, na bado usalama wa gari lote unategemea springi moja iliyo ndani ya regyuleta.

Kuhusu kulala porini, tunakubaliana. Suluhisho langu ni kitufe cha kubonyeza kilichofichwa chini ya dashibodi, kinachoipita swichi ya oili kikiwa kimebonyezwa tu. Kisiwe swichi ya kuwasha na kuacha. Mtu akiwa na swichi ya kuacha, ataiacha, na mwezi ujao atakuwa amesahau kwamba ulinzi wake haufanyi kazi. Kitufe kinakuwezesha kujua kwa hakika kama tatizo ni swichi au pampu, na baada ya hapo unaunganisha waya kwa makusudi, ukijua ulichokifanya.

Niongeze onyo moja kwa mafundi. Swichi ya kawaida ya taa ya oili hufanya kazi kinyume: inafunga mzunguko presha ikiwa haipo. Kuna wanaoitumia pamoja na rilei ya miguu mitano, pampu ikachukua umeme kwenye mguu wa 87a. Inafanya kazi, lakini waya wa swichi hiyo ukikatika kwenye ajali, rilei inaamini kwamba presha ipo na pampu inaendelea kusukuma. Ulinzi wa namna hiyo unakuacha siku ile ile unayouhitaji.

---

Mwenye Peugeot 504, Iringa

Mzee, nimekusoma hadi mwisho. Gari langu hukata mafuta nikitoka Mtera kurudi nyumbani mchana, hasa likianza kupanda. Pampu ya injini bado nzima na sitaki kuitoa. Je, siwezi kuongeza ya umeme kule nyuma isaidie, nikaiwasha milimani tu?

---

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Iringa, inawezekana, kwa kuwa vali za pampu ya zamani zinaelekea upande mmoja na mafuta yanayosukumwa kutoka nyuma yatapita. Wasiwasi wangu ni diaframu, ule utando ulio ndani ya pampu hiyo. Ikiwa ya zamani, ikachanika wakati ya umeme inasukuma, petroli itashuka ndani ya injini na kuchanganyika na oili, na gari litaendelea kutembea bila kulalamika hadi beringi zianze kulia. Ukiamua kufanya hivyo, badilisha diaframu kwanza, na kila asubuhi chomoa kijiti cha oili uinuse. Oili inayonuka petroli, au iliyopanda juu ya alama bila kuongezwa, maana yake ni hiyo.

Lakini kabla hujanunua chochote, angalia bomba lako linapita wapi. Kama limepita karibu na ekzosi, lisogeze au lifunikwe kwa kinga ya joto, kisha upande tena mlima ule ule saa ile ile. Na siku likikata, fungua mfuniko wa tangi usikilize.

---

Mchangiaji, Singida

Naomba kujua habari za bima na trafiki. Hawakusumbui?

---

Mwanzisha uzi

Kampuni ya bima ijulishwe kwa maandishi kabla ya ajali, pamoja na picha. Kuhusu ukaguzi, askari anayeona kazi safi, mikanda ya chuma, nyaya zilizofungwa vizuri na mtungi wa kuzimia moto uliokaguliwa, huuliza maswali mawili na kukuruhusu. Anayeona mpira uliofungwa kwa waya wa kuezekea ana haki ya kukuzuia, nami ningemuunga mkono.

---

Fundi wa magari, mtaa wa Majengo, Dodoma

Nimekubali kuhusu kitufe. Swali la mwisho: geji ya mafuta. Nilimfungia mteja tangi la aina hii, geji ikasoma limejaa wakati limeisha.

---

Mwanzisha uzi

Hilo ni suala la omu, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, fundi. Kifaa cha kielea kinachokuja na matangi haya mara nyingi ni cha mpangilio wa Kimarekani: kingine kinatoa omu 240 tangi likiwa tupu na 33 likijaa, kingine omu 0 likiwa tupu na 90 likijaa. Mpangilio mmoja unapanda na mwingine unashuka, hivyo ukikutana na geji inayotarajia kinyume, itasoma kinyume kama ulivyoona. Chukua kielea cha tangi la zamani, hata kama limeoza, upime kwa mita kikiwa chini na kikiwa juu, uandike namba zote mbili, kisha ununue kifaa kinachokaribiana nazo. Na sponji ikatwe nafasi ya kutosha kuzunguka mkono wa kielea, la sivyo utakwama katikati na geji itasoma nusu tangi siku zote. Jaribu kuupandisha na kuushusha huku mtu akitazama geji kabla hujakaza bolti za sahani, maana ni nyingi, na gasketi ile haipendi kufunguliwa mara ya pili.